Mwenye Hadithi na Mwenye Kuicheza

Binadamu hucheza kabla hajajua kusoma, na husimulia kabla hajajua kuandika. Mtoto achukuaye kijiti akakiita farasi, na mzee aketiye jioni akawaambia wajukuu wake habari za zimwi la mtoni, wote wawili wafanya kazi moja: waiondoa dunia hii kwa kitambo kidogo na kuweka nyingine mahali pake. Hapana ubaya katika kazi hiyo. Bila ya mchezo akili hukauka, na bila ya hadithi kumbukumbu hufa. Walakini liko swali moja ambalo mtoto wa kijiti haulizwi, na ambalo kijana wa umri wako, msomaji, hana budi kuulizwa. Hadithi ichezwayo ni ya nani? Na kama ndani yake wamo watu waliokufa kweli, tuna haki gani ya kuwafufua ili watuburudishe?

Nitalitazama swali hili kwa mfano ulio mbali nasi, katika nchi ya Marekani, kisha nitaurudisha karibu na nyumbani. Kwa maana jambo la mbali hutazamwa bila ya hasira, na mtu akisha kulielewa hilo, la karibu halimponyoki.

Mnamo mwaka 1974 ulichapishwa huko Marekani mchezo ulioitwa Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson. Mchezo huo haukufanana na bao wala drafti, kwani hauna mshindi mwishoni. Wachezaji huketi kuzunguka meza. Mmoja wao huwa msimulizi, na kila mmoja wa waliobaki hujivika nafsi ya mtu wa kubuni, akanena kwa kinywa cha mtu huyo na kuamua kwa niaba yake. Msimulizi husema, "Mmefika mlangoni, na ndani mwasikika kilio. Mwafanyaje?" Wachezaji hujibu, dadu hutupwa penye mashaka, na hadithi husonga mbele. Kutokana na mchezo huo ilizaliwa mingi mingine. Mmoja, uliotolewa mwaka 1996 na Shane Lacy Hensley, huitwa Deadlands. Huo umechanganya mambo mawili: visa vya Magharibi ya Marekani, yaani farasi, bastola na wachunga ng'ombe, pamoja na visa vya kutisha, ambamo wafu hufufuka na mazimwi hutembea usiku. Hata karata za kamari hutumika mezani, ili mchezaji ajione kana kwamba ameketi katika nyumba ya ulevi ya zama zile.

Sasa, mtu atakaye kutunga kisa kwa ajili ya mchezo wa namna hiyo hatafuti mbali. Huziendea hadithi za mahali. Katika karne ya 19 taifa la Marekani lilikuwa likisogea upande wa magharibi, na nchi ambayo wahamiaji waliiita tupu haikuwa tupu: ilikaliwa na mataifa ya wenyeji, yenye lugha zao, mawindo yao na makaburi yao. Pale walipokutana wageni na wenyeji ndipo palipoitwa mpakani. Mpaka huo haukuwa mstari juu ya ramani. Ulikuwa ni mahali ambapo bunduki ilitangulia na sheria ikafuata nyuma. Mahali pa namna hiyo huzaa hadithi kama kinamasi kizaavyo mbu. Katika milima ya Superstition, jimbo la Arizona, watu husimulia habari za mgodi wa dhahabu ambao siri yake alikufa nayo Mjerumani mmoja, Jacob Waltz, mwaka 1891. Katika mwaka 1931 mzee mmoja, Adolph Ruth, aliingia katika milima hiyo kuutafuta. Hakurudi, na baadaye likaonekana fuvu la kichwa chake. Mtungaji wa michezo ya kutisha aweza kutamani nini zaidi?

Lakini kuna hadithi nyingine ya mpakani iliyo nzito kuliko hiyo, nami nataka uisikilize kwa makini, kwa sababu hoja yangu yote imefungwa ndani yake.

Katika mwaka 1846 familia kadhaa ziliondoka mji wa Springfield, jimbo la Illinois, kwenda California. Waliozitangulia walikuwa ndugu wawili wa ukoo wa Donner na mwenzao, James Reed. Njiani walishawishika kufuata njia ya mkato iliyosifiwa na mtu aitwaye Lansford Hastings. Njia hiyo iliwachelewesha badala ya kuwaharakisha. Iliwapitisha milimani, ikawabidi wakate miti ili magari yao yapite. Kisha ikawaingiza katika jangwa la chumvi lisilo na maji, maksai wakapotea na kufa. Walipofika chini ya milima ya Sierra Nevada, siku za mwisho za Oktoba, theluji ilikuwa imekwisha kuanguka na kuziba njia. Watu wapatao 80, wengi wao watoto, wakakwama kando ya ziwa na katika bonde la jirani.

Kabla ya hapo, mwenzao Charles Stanton alikuwa ametangulia mpaka ngome ya John Sutter, upande wa pili wa milima, kuomba chakula. Stanton hakuwa na mke wala mtoto katika msafara ule. Angaliweza kubaki salama alikokuwa. Alirudi. Pamoja naye walikuja wanaume wawili wenyeji wa California, wa kabila la Wamiwok, waliokuwa wakimtumikia Sutter, na nyumbu saba wenye mizigo ya chakula. Wanaume hao wajulikana kwa majina yao ya ubatizo, Luis na Salvador. Walipanda mlima kuwaletea chakula wageni wasiowajua, na theluji ikawafungia humo pamoja na wageni hao.

Tarehe 16 Desemba kundi dogo lilijaribu kuvuka milima kwa miguu, likivaa viatu vipana vya kutembelea juu ya theluji. Walikuwa watu 15: wanaume kumi, na Luis na Salvador wakiwa miongoni mwao, na wanawake watano. Stanton alipofuka kwa mng'ao wa theluji akaachwa nyuma, akafa. Chakula kikaisha. Wenzao walipoanza kufa kwa baridi, waliosalia wakala maiti. Luis na Salvador walikataa kuonja. Kisha, maiti zilipokwisha, baadhi ya watu wakaanza kuwatazama hao wawili. Mmoja wa wasafiri, William Eddy, aliwaonya, nao wakatoroka. Siku kadhaa baadaye kundi liliwakuta njiani wamelala chini, wameishiwa na nguvu. Mtu mmoja, William Foster, akawapiga risasi, nao wakaliwa. Katika msafara mzima, hao wawili ndio wanaojulikana kwa yakini kuwa waliuawa ili waliwe. Wengine walioliwa walikuwa wamekwisha kufa.

Siku chache baadaye waliosalia wakajikokota mpaka katika kijiji cha wenyeji. Wenyeji walipowaona walivyokonda, wakawapa chakula chao, mkate wa mbegu za mwaloni, wakawashika na kuwaongoza kuelekea makao ya wahamiaji. Hivyo wakaokoka saba kati ya wale 15, wanaume wawili na wanawake wote watano. Foster alikuwa mmoja wao. Hakushtakiwa kamwe. Huko nyuma ziwani njaa iliendelea mpaka wakombozi wa kwanza walipowasili mwezi wa Februari 1847, na wa mwisho kuokolewa alitoka milimani mwezi wa Aprili. Kati ya watu 87 wanaohesabiwa kuwa wa msafara huo, karibu nusu walikufa. Leo ziwa lile laitwa kwa jina la Donner, na njia ya mlimani vilevile. Majina ya Luis na Salvador wayajua wachache.

Basi, msomaji, fikiri kwamba umepewa kazi ya kuigeuza hadithi hii iwe mchezo wa kutisha kwa rafiki zako. Una mlima, una theluji, una njaa, una giza. Hukosi kitu ila zimwi. Nalo zimwi li karibu: kwa miaka mingi watungaji wa visa vya kutisha wamezoea kumwazima wendigo, kiumbe wa barafu alaye watu, wa hadithi za kale za watu wa Ojibwe na Cree, wakaao pande za Maziwa Makuu na Kanada. Waweza kumchukua huko, ukamweka katika milima ya California, ukasema kwamba ndiye aliyewaingia wasafiri wale akawatia uchu wa nyama. Rafiki zako watatetemeka, nao watakusifu kwa ufundi wako.

Lakini tazama ulichokifanya. Foster hakuua tena. Aliyeua ni zimwi. Umemnawisha mikono. Kilichotokea katika theluji ile kilikuwa ni uamuzi wa mtu mwenye akili zake, aliyekubali moyoni mwake kwamba watu wawili hawakuwa watu kamili, na kwa sababu hiyo waweza kuwa chakula. Jambo hilo latisha kuliko barafu yoyote yenye meno, nawe umeliondoa ukaweka kinyago mahali pake.

Tena umewakosea wenye zimwi. Kwa maana katika vinywa vya wazee wa Ojibwe, wendigo si mnyama wa kupigwa risasi mwishoni mwa kisa. Ni onyo. Ni mtu aliyejiachia katika ulafi na kujipenda nafsi wakati wa dhiki, na kila alapo mwili wake hukua, hata njaa yake isipate kutoshelezwa daima. Hadithi hiyo yamshtaki mtu; haimsamehi. Ukiiazima pamoja na maana yake, itakusaidia kusema kweli hata ukiitia katika mchezo. Ukiiazima meno na kucha tu, umeiba ngozi ukaacha mwili.

Iko njia nyingine mbaya kuliko hiyo. Msimulizi aweza kuwafanya wenyeji wenyewe kuwa kitisho: vivuli vinyemeleavyo kambi usiku, macho yang'aayo nyuma ya miti. Visa vingi vya Magharibi vimejengwa hivyo. Je, ndivyo ilivyokuwa? Mmoja wa wasafiri, Patrick Breen, aliandika katika kitabu chake cha kumbukumbu za kila siku kwamba mwenyeji mmoja alipita peke yake juu ya theluji, amebeba mzigo mzito, akampa mizizi mitano au sita ya kula. Nao watu wa Washoe, ambao nchi ile ilikuwa yao, wamepokezana simulizi kwamba wazee wao walijaribu kuwapelekea chakula wale waliokwama, wakafukuzwa kwa risasi. Kivuli kilichonyemelea kambi kilikuwa kimebeba chakula. Mtungaji atakayemgeuza mleta chakula kuwa mla watu atakuwa amemwua mara ya pili, na safari hii bila ya kusukumwa na njaa.

Hapa ndipo ninapoona mpaka wa haki. Hadithi za mapokezi huishi kwa kubadilika. Kila msimulizi huongeza na kupunguza. Mto huwa na mamba kwa huyu na chatu kwa yule. Aliyekuwa mvuvi jana leo ni mwindaji. Asemaye kwamba hadithi isiguswe aitakia mauti. Kwa hiyo badili utakalo: majina ya mahali, urefu wa safari, idadi ya watu, hata sheria za maumbile, wafu watembee na milima iseme. Lakini usimbadili aliyedhulumiwa akawa mwenye kudhulumu, wala usimwondoe mwenye hatia katika hatia yake. Hayo mawili ndiyo deni la hadithi, na deni halifutwi kwa kuwa mdaiwa anacheza.

Hata watungaji wa ule mchezo wa Deadlands walilazimika kulitazama deni hili. Katika historia yao ya kubuni ya mwaka 1996, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani havikwisha mwaka 1865 kama vilivyokwisha kweli. Majimbo ya Kusini yalidumu yakawa taifa, na utumwa ukasemwa kwamba uliachwa na hao hao waliopigana kuulinda. Wachezaji waliweza kuvaa sare za Kusini bila ya kuulizwa lolote. Lakini hesabu ya watu ya mwaka 1860 ilionyesha watumwa karibu milioni 4 katika nchi ile, na wajukuu wa wajukuu wao wangali hai. Kuwaambia hao kwamba mabwana waliacha utumwa kwa hiari yao ni kuwanyang'anya wazee wao ushindi walioulipia kwa damu. Katika toleo jipya la miaka ya 2020 watungaji wenyewe waliliondoa taifa lile la kubuni. Mchezo haukufa kwa sababu hiyo. Wafu wao wangali wakifufuka kama zamani. Kilichoondoka ni uongo mmoja tu, ule uliomsafisha mwenye hatia.

Najua utakalosema. Utasema, "Huu ni mchezo tu. Waliokufa wamekufa, hawatusikii. Nasi tukisha kucheza twaenda kulala." Hoja hiyo si ya kudharauliwa, na wengi waliisema kabla yako. Lakini wahenga walisema, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Fikiri namna mchezo huu ulivyo. Asomaye kitabu hutazama mambo yakitendwa na wengine, achezaye huulizwa, "Wewe wafanyaje?" na hujibu kwa ulimi wake mwenyewe. Hilo ndilo tamu lake na ndiyo hatari yake. Kijana aliyezoeshwa jioni nyingi kumpiga risasi kila mtu wa kabila fulani mara amwonapo, kwa kuwa msimulizi alimwambia kwamba hao ni mazimwi, hatatoka akaua. La. Lakini atakapolisikia jina la kabila hilo siku nyingine, picha ya kwanza kumjia itakuwa ni ile ya zimwi. Na wafu hawatusikii, ni kweli. Wajukuu wao watusikia. Wamiwok wako hai leo California, na Washoe wako hai kando ya milima ile ile.

Yuko na mwingine atakayesema kinyume cha hayo. Atasema, "Kama hatari ni kubwa hivyo, basi tuziache hadithi hizi kabisa. Tusicheze kwa mauti ya watu." Nakiri kuwa moyo wa asemaye hivyo ni safi. Lakini kunyamaza nako ni kuzika. Huenda wewe hukuwa umesikia majina ya Luis na Salvador kabla ya kuusoma ukurasa huu. Mchezo uliotungwa kwa uaminifu waweza kufanya lisilofanywa na kitabu cha tarehe. Chukua meza ile ile na theluji ile ile, usilete zimwi lolote. Mpe mchezaji mmoja nafsi ya Luis na mwingine nafsi ya Salvador. Wajue kwao ni wapi, na ni nani awangojeaye. Usiku wa tatu bila ya chakula, acha wachezaji wengine waanze kunong'ona. Hapo chumba kitanyamaza. Kila mmoja atajua kwamba kitisho hakiko nje gizani, kiko mezani, na kwamba yeye mwenyewe atatakiwa kusema neno: kukubali, kukataa au kuonya. Kijana aliyewahi kukisikia kimya hicho hatakisahau upesi. Tena ajapo siku moja katika maisha yake kuwako mahali ambapo wengi wawatazama wachache kama vitu, huenda akakumbuka kwamba neno la kuonya liliwezekana. Eddy alilisema, likawapa watu wawili siku chache za uhai. Halikutosha. Lakini kati ya yote yaliyosemwa katika theluji ile, ndilo neno lililofaa kusemwa.

Kuna jambo jingine ambalo yampasa mwenye kuazima alijue: si kila hadithi iko sokoni. Wanavajo, wakaao Arizona na majimbo ya jirani, wana hadithi ambazo kwa desturi husimuliwa wakati wa baridi tu, nyoka na dubu wakiwa wamelala. Na wana mambo ya uchawi ambayo wengi wao hawapendi kuyataja mbele ya wageni, wala hata wao kwa wao bila ya sababu. Watungaji wa visa vya kutisha huyapenda mno mambo hayo, na huyatia katika vitabu vyao bila ya kubisha hodi. Labda wewe huamini kwamba kulitaja jina la jambo baya huliita jambo lenyewe. Hulazimishwi kuamini. Lakini uingiapo nyumba ya mtu ukaambiwa kwamba chumba kile hakifunguliwi, huhitaji kuamini sababu aliyonayo mwenye nyumba ili uuheshimu mlango wake. Vyumba vilivyo wazi ni vingi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nilisema nitaurudisha mfano karibu na nyumbani. Katika mwaka 1898, reli ya kutoka Mombasa ilipofika mto Tsavo, simba wawili waliwavamia wajenzi wa daraja kwa muda wa miezi. Huo nao ulikuwa mpaka: wageni wakipenya nchi ya watu kwa chuma na bunduki. Palikuwa na watu waliosema kwamba wale si simba bali ni mizimu ya wafalme wawili wa kale, waliokasirishwa na reli kupita katika nchi yao. John Henry Patterson, msimamizi wa daraja, aliwaua simba hao mwezi wa Desemba mwaka huo, na mwaka 1907 akatoa kitabu cha habari zao. Ngozi zao ziliuzwa kwa jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, na simba hao wamesimamishwa huko wakitazamwa na Wamarekani tangu mwaka 1925. Mwaka 1996, mwaka ule ule uliotolewa mchezo wa Deadlands, ilitoka filamu ya kutisha juu yao, The Ghost and the Darkness. Hivyo hadithi yetu ya mpakani imekwisha kuchezwa na wengine kitambo.

Sasa uliza: walikufa wangapi? Katika kitabu chake Patterson aliwahesabu wafanya kazi 28 waliotoka Bara Hindi; akaongeza kwamba walikufa pia Waafrika wengi ambao hesabu yao haikuandikwa popote. Baadaye alitaja jumla ya watu 135. Wataalamu waliochunguza mifupa na manyoya ya simba hao walikadiria mwaka 2009 kwamba walioliwa walikuwa kama 35. Hesabu zapishana, lakini hapana hata moja iliyotuletea jina la Mtaita au Mkamba aliyechukuliwa hemani usiku. Twayajua majina ya mhandisi na ya jumba la makumbusho, mlimwengu aweza kuutazama utambi wa nywele za simba nyuma ya kioo, aliyeliwa hajulikani. Unapolisoma jambo hili, msomaji wa Kenya, wasikia nini moyoni? Kama wasikia kwamba kuna kitu kimesahauliwa, basi umekwisha kuelewa wasikiavyo Wamiwok wasikiapo habari za ziwa la Donner. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Wala sikuambii haya ili uichukie filamu ile au uukatae mchezo ule. Nakuambia ili siku utakapoketi wewe kutunga, iwe ni mchezo wa mezani, ni tamthilia ya shule, au ni kisa cha kuwatisha wadogo zako jioni umeme ukikatika, ujiulize kwanza nani alikufa, na nani alimwua. Kama hujui, tafuta. Ukisha kujua, cheza kwa moyo mkunjufu: wape simba sauti za wafalme, wape wafu miguu, tia radi na mbalamwezi kadiri upendavyo. Watoto watapiga kelele na kujifunika nguo, nawe utafurahi, na hapana atakayekulaumu.

Lakini pale hema linapopasuliwa na mtu akaburutwa gizani, simama kidogo. Mpe mtu huyo jina. Litakuwa la kubuni, kwa maana la kweli limepotea, na hilo ni kosa lisilo lako. Mpe na mama, na kijiji, na wimbo aliokuwa akiuimba mchana akibeba mawe ya daraja. Kisha endelea na hadithi yako.